Siku Arobaini za Abrago

Mtu wa kwetu akifa hapumziki, na aliyeachwa nyuma ndiyo kabisa. Mume wangu Abrago alikufa siku ya pili baada ya sisi kuhamia malisho ya kiangazi, kikombe cha maziwa ya farasi kikiwa mkononi, na tangu siku hiyo nilikuwa sijalala usingizi ukanitosha. Tulimpasua tumbo, tukalijaza majani ya harufu na mbegu zilizotwangwa, tukamshona, tukampaka nta kuanzia utosini hadi nyayoni. Tukamfunga kwa mablanketi mazito ya sufu, tukamlaza kwenye gari la ng'ombe, na juu yake tukamfunika zulia lake jekundu. Kisha tukaanza kumzungusha.

Siku arobaini. Kila rafiki aliyekuwa naye duniani lazima amwone, amchinjie, amwandalie nyama na kinywaji mbele yake kama vile yu hai, na sisi tuliomleta tule na kunywa naye. Siku ya arobaini ndipo anaingia kwenye tuta, kilima cha kaburi walimolala baba zake. Sharti ni moja tu: katika siku zote hizo mwili usiguse udongo. Maiti aliyeonja udongo kabla ya siku yake baba zake hawampokei. Anabaki njiani milele akitembea kwa miguu, na kwetu sisi, tuliozaliwa juu ya farasi, hakuna aibu inayoizidi hiyo.

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa hicho tu. Abrago alale na baba zake, na siku yangu ikifika nilale kushoto kwake, kama nilivyolala kwa miaka thelathini na mmoja. Mengine yote, nyama, nyimbo, wanaume wanaosifiana mpaka wanatapika, nilikuwa nayavumilia kwa sababu ya hilo.

Niliyesafiri naye alikuwa shemeji yangu Gosaka, mdogo wake Abrago. Kaka wa marehemu ndiye mwenye kazi ya kula yamini pale kwenye tuta kwamba maiti hakugusa udongo, kwa hiyo haruhusiwi kuliacha gari hata siku moja. Gosaka alikuwa mtu wa mzaha, mvivu, mwenye kitambi na kiriba cha mvinyo ambacho sikupata kukiona kikiwa tupu. Mwanzoni mizaha yake ilinisaidia. Kufikia siku ya ishirini, jua lilipokuwa limeanza kuilainisha nta na ikabidi tumfunike Abrago uso moja kwa moja, nilitamani awe bubu.

"Shemeji," aliniambia asubuhi ya siku ya thelathini na sita, akiwa amelala chali juu ya farasi wake anayekwenda, "huyu kaka yangu alikuwa na marafiki wengi kupita kiasi. Mtu mwenye adabu zake anakuwa na marafiki sita. Anakufa, anazungushwa wiki moja, watu wanarudi makwao."

"Na wewe unao wangapi?"

"Mimi? Ninacho hiki kiriba."

"Basi ukifa tutakuzungusha kwake asubuhi, tukuzike mchana."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mgongo ulikuwa unaniuma, ng'ombe mmoja alikuwa anachechemea, na harufu ilikuwa imeingia kwenye nywele zangu, kwenye mkate, kwenye maji. Nilikuwa nimempenda mtu yule tangu nikiwa msichana, na asubuhi ile nilikuwa nimemchoka. Nasema kama ilivyokuwa.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kwa Posidei. Posidei hakuwa mtu wetu. Alikuwa mmoja wa wale watu wa nyumba wanaolima ngano kando ya mto na kuiteremsha kwenye mji wa bandari, wenye kuta za udongo na mbwa waliofungwa. Watu wa nyumba mimi siku zote nimewaona wa ajabu. Wanakaa mahali pamoja mpaka mahali penyewe panawachoka. Lakini Abrago alimpenda. Miaka ishirini nyuma, wapanda farasi wa ng'ambo ya mto walipokuja kuiba nafaka, Abrago alisimama peke yake kwenye uwanja wa Posidei wa kupuria ngano, na mishale yake ikatosha. Baada ya hapo wakachanjiana, wakatia damu kwenye kikombe kimoja cha mvinyo, wakanywa. Marafiki wengine kumi na tisa tuliokwisha kuwapitia walikuwa marafiki tu. Posidei alikuwa ndugu.

Na ndugu wa kuchanjia ana haki yake. Kwake yeye, watu wa familia hawakai kwenye chakula. Wanalisogeza gari mlangoni, wanamwachia maiti, wanaondoka mpaka jioni, ili hao wawili wale pamoja na kusemezana yao ya mwisho. Ukweli ni kwamba nilikuwa naihesabia siku ile tangu tulipotoka kambini. Siyo kwa ajili ya Posidei. Nilijua kwamba siku hiyo nitalala mchana kutwa na hakuna atakayeniuliza.

Tulifika jua likiwa halijawa kali. Ngano ilikuwa imekwisha kuvunwa, mabua yamelundikwa kila upande. Posidei alitoka akichechemea kama ng'ombe wetu, mzee kuliko nilivyomkumbuka, na nyuma yake mkewe Melita, mwanamke mwembamba mwenye msuko mrefu wa mvi uliofika kiunoni. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwao. Niliona Melita anapeleka shuka puani, kisha akajizuia, akalishusha.

"Karibu, shemeji," Posidei alisema. "Nilisikia. Wauza chumvi waliniambia. Nimekaa nangoja tangu mwezi uandame."

"Tumemleta ndugu yako," nikamwambia. "Ni wako mpaka jioni. Mpe chakula, ongea naye. Sisi tunaomba mahali pa kujilaza."

"Mnaniachia?"

"Tunakuachia."

Alinitazama, macho yakamjaa maji. Nikadhani amefurahi kwa heshima tuliyompa, na kweli alikuwa amefurahi. Lakini sikumwuliza ameelewa nini. Katika watu wetu nani angemwuliza? Hata mtoto wa kwetu anajua maana ya kumwachia mtu maiti.

Melita alitupeleka ghalani, penye baridi, akatupa mkate, dengu na vitunguu. Gosaka alikoroma kabla hajamaliza kutafuna. Mimi nililala juu ya magunia, chini ya paa la miti kwa mara ya kwanza maishani, na nilikuwa nimeapa kwamba sitaweza kulala chini ya kitu kama kile. Nililala kama niliyepigwa.

Nilipoamka jua lilikuwa limeelekea magharibi lakini bado lina nguvu. Nikanywa maji, nikatoka. Gari lilikuwa pale pale mlangoni, ng'ombe wamefunguliwa wanakula mabua. Zulia jekundu lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni mwa gari. Juu ya gari hapakuwa na mtu.

Posidei alikuwa amekaa kwenye kizingiti ananawa mikono kwenye beseni. Maji yalikuwa ya kahawia.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Amepumzika, shemeji. Amepumzika sasa."

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Kule juu, mwisho wa shamba. Nimemlaza karibu na mwanangu." Aliinuka, akafuta mikono kwenye nguo. "Mahali pazuri. Mvua haikai pale."

Sikumbuki nilivyomfikia. Nakumbuka kofi, na mkono wangu ulivyowaka. Nakumbuka vilevile kwamba hakujikinga. Gosaka alitoka ghalani kwa sauti yangu, majani ya ngano yamemnasa ndevuni, na alipoelewa akachomoa kisu. Sikuwa nimewahi kumwona Gosaka akitoa kisu isipokuwa kwa nyama.

"Umemfukia kaka yangu?" Gosaka alisema. "Umemtia kwenye udongo?"

"Nimemzika," Posidei alisema. "Ndiyo, nimemzika. Siku thelathini na sita, jamani. Hata mbwa wangu alipokufa nilimfukia siku ile ile."

"Mbwa? Umesema mbwa?"

"Sikiliza, bwana. Kwetu sisi mtu asiyezikwa hapati pa kwenda. Anahangaika mlangoni, anawalilia jamaa zake. Niliposikia kwamba Abrago bado yuko juu ya gari sikulala. Nikasema, wale ndugu zake hawana majembe, hawana mahali, wanazunguka wanatafuta mtu wa kuwasaidia. Kisha mkaja. Mkaniambia ni wako. Mkaenda kulala." Akanigeukia mimi. "Shemeji, mtu akikuletea maiti wake, akakwambia ni wako, akaenda kulala, si anakuomba umzike?"

Miaka ishirini Abrago alikuja kwenye nyumba ile, wakanywa, wakavua samaki, wakatukanana kwa lugha mbili. Wala siku moja hawakuzungumzia kifo. Wanaume wakikaa pamoja huzungumzia farasi.

"Rudisha kisu," nikamwambia Gosaka. "Na wewe, nipe jembe."

"Shemeji..." Posidei alianza.

"Nipe jembe."

Tulipanda hadi mwisho wa shamba. Udongo mpya ulikuwa mweusi na umefinyangwa vizuri kwa mikono, na kando yake palikuwa na kaburi dogo la zamani lenye jiwe. Juu ya kaburi la Abrago palikuwa na bakuli la maziwa, mkate wa asali, na nyama iliyookwa. Kumbe chakula alikuwa amempa. Nikavisogeza, nikaanza kuchimba.

Sisi hatujui kulima. Nililishika jembe kama mtu anayeshika nyoka mkia, na nilijikata mguu pigo la tatu. Gosaka alijaribu kunipokea, nikamkatalia. Nilikuwa na hasira na Posidei, na hasira na Abrago kwa kuwa na rafiki wa aina ile, na zaidi ya wote nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, kwa sababu nililala. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Niliwaza: nitamtoa, nitamfuta, nitampaka nta nyingine, hakuna atakayejua. Lakini kila pigo nililopiga nilijua kwamba si kweli. Watu wasingejua. Baba zake wangejua. Ningempeleka mpaka mlangoni kwao na wao wangemfukuza, naye angetoka pale kwa miguu, peke yake, mtu ambaye hata kwenda kuchota maji alipanda farasi.

Jembe lilipogusa kitu laini nikaliacha, nikapiga magoti, nikafukua kwa mikono. Sufu ya blanketi ilijitokeza. Na juu ya blanketi, usawa wa kifua, ulikuwa umelazwa msuko wa nywele za mvi, mrefu, umefungwa kwa uzi mweupe ncha zote mbili.

Nikageuka. Melita alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa nywele hovyo hovyo, karibu na ngozi, kama kondoo aliyenyolewa na mlevi.

"Ni zako?" nikauliza.

"Ni zangu, dada."

"Kwa nini?"

Alishangaa kwa swali lenyewe. "Alikuwa ndugu wa mume wangu. Na hakuwa na mwanamke wa kumlilia hapa. Wewe ulikuwa umelala, nikaona nisikuamshe. Nilimlilia kwa niaba yako."

Kwa siku thelathini na sita nilikuwa nimepita kwa watu kumi na tisa. Wamechinja kondoo, wamechinja farasi, wamesimulia ushujaa wa Abrago na zaidi wa kwao wenyewe. Mmoja aligombana na mwenziwe mpaka wakatoana meno mbele ya maiti. Mimi nilikuwa nimemimina mvinyo, nimekata nyama, nimefukuza nzi, nimesema asante. Mjane wa kwetu halii mpaka siku ya arobaini, na mimi nilikuwa nimezuia mpaka nikasahau kwamba kuna kitu nakizuia. Nikakaa pale pale kwenye shimo, miguu imezama kwenye udongo, nikalia. Nililia kwa sauti mbaya. Melita akateremka akakaa ubavuni mwangu, hakunishika, akaanza kulia na yeye kwa namna ya kwao, inayopanda na kushuka. Gosaka alikwenda kusimama mbali, akatupa mgongo.

Sijui tulikaa muda gani. Kilio kilipokwisha nilijikuta mwepesi, na nikajua jambo ambalo sikutaka kulijua. Nilikuwa nimekwisha kumzika mume wangu.

"Tumtoe?" Gosaka aliuliza. Hakukuwa na mzaha kwenye sauti yake.

"Mwache."

"Shemeji, fikiria."

"Nimefikiria. Tukimtoa atakuwa hana huko wala huku. Hapa amelazwa na mtu aliyempenda, ameliliwa, kuna mtu atakayemletea maziwa. Mwache, Gosaka. Amechoka. Hata mimi nimechoka."

"Na huko kwenye tuta tutasema nini? Kwamba ndugu yake wa kuchanjia amemfukia shambani kama kitunguu? Siku ya pili yake hapa patakuwa majivu. Watamchinja huyu mzee mlangoni kwake, na mkewe, na kijiji kizima." Gosaka alisema hayo wakati Posidei anapanda kilima, na Posidei alisikia kila neno. Alisimama, uso umemwisha damu. Nadhani ndipo alipoelewa alichofanya.

"Niueni mimi," Posidei alisema. "Kijiji hakikufanya kitu."

"Nyamaza, mzee," Gosaka alimwambia. "Umekwisha kusaidia vya kutosha leo."

Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa nalitazama lundo la mabua ya ngano kule chini, na nikasema tufunge mabua badala yake, tuyafunike zulia.

Gosaka alinikodolea macho. Kisha akakaa chini, akakinyanyua kiriba chake, akakuta hana hamu, akakirudisha. "Mabua," alisema. "Baba zangu watalala na mabua."

"Baba zako wana nafasi."

"Na wewe je? Unajua wewe unalala wapi ukifa."

"Najua."

"Utamwacha mumeo hapa, ukalale na ngano."

"Gosaka, najua."

Kulikuwa na njia nyingine? Niliitafuta, naitafuta mpaka leo. Wanangu wawili wako na kabila lao, wao ndio watakaonizika, na hakuna kijana wa kwetu atakayempeleka mama yake kwenye udongo wa watu wa nyumba. Ningesema ukweli, Posidei angekufa na jina la Abrago lingekufa naye. Ningenyamaza, ningepotea mimi peke yangu. Ilikuwa hesabu nyepesi. Kilichonisumbua ni kwamba aliyepatikana wa kulipa nilikuwa mimi, na nilikuwa nimelipa mengi tayari.

Tukarudishia udongo. Msuko wa Melita niliuacha ulipokuwa. Kisha tukateremka, na sisi wanne tukafunga mabua kwenye blanketi la Posidei, tukaweka jiwe la kusagia katikati kwa ajili ya uzito, tukaumba kichwa, tukaumba miguu. Gosaka alizunguka akalitazama, akainama akanusa.

"Hanuki," alisema. "Maiti wa siku thelathini na sita hanuki. Watasema tumemleta nabii."

Posidei aliondoka, akarudi na kikapu cha samaki walioharibika, aliokuwa amewaweka kwa ajili ya mbolea. Tukawapanga katikati ya mabua, tukapaka nta ya mizinga yake nje ya blanketi, tukamfunika zulia jekundu. Abrago hakupenda samaki. Akivua aliwarudisha mtoni, na Posidei alikuwa akimcheka kwa hilo. Niliona Posidei analifikiria, maana alikuwa akiwapanga samaki wale kwa adabu sana.

Tuliondoka kabla jua halijazama. Melita alinipa mkate wa njiani. Posidei alinishika mkono akataka kusema kitu, nikamwambia asiseme. Sikuwa nimemsamehe bado. Nilimsamehe baadaye, majira ya baridi, nikiwa nakamua, bila sababu yoyote.

Walibaki marafiki wawili. Kwa wa kwanza mabua yalipewa ini la kondoo na kikombe cha fedha. Wa pili alikuwa mzee kipofu aliyemfundisha Abrago kupiga mshale, naye alilala kifudifudi juu ya bunda, akalisemesha mpaka sauti ikamkauka, akaliomba radhi kwa fimbo aliyompiga utotoni. Nilishindwa kutazama. Gosaka hakunywa tone siku hizo zote, na mimi sikumwambia nimeona.

Siku ya arobaini tulifika kwenye tuta. Kabila zima lilikuwapo, wanangu pia, wamejikata ncha za masikio kwa huzuni, kama ilivyo kwetu. Vijana wanne walilishusha bunda, na mmoja akasema, "Baba mkubwa amepungua."

"Siku arobaini za marafiki," Gosaka alimjibu. "Hata wewe ungepungua."

Kisha meko yakaletwa, lile jiwe la meko ya mfalme linalotembezwa kwa ajili ya viapo. Yamini ya uongo kwenye jiwe lile humwuguza mfalme, kwa hiyo akipata hata mafua, waganga wanaopiga ramli kwa fito wanatandaza fito zao na kumtafuta aliyeapa uongo. Wakimpata, kichwa chake hakirudi nyumbani. Wote tunalijua hilo. Mzee Siraki, mkuu wa ukoo, akauliza mbele ya watu kama inavyoulizwa siku zote.

"Gosaka. Kaka yako ameonja udongo?"

Gosaka aliweka kiganja juu ya jiwe. Mtu yule aliyekuwa hawezi kusema maneno matatu bila kutia mzaha, alimtazama mzee machoni.

"Hajaonja."

Miaka kumi na mmoja aliyoishi baada ya pale, kila tuliposikia mfalme anaumwa Gosaka alikuwa anakonda. Alikufa kitandani mwake, namshukuru aliyemjalia. Posidei naye amekufa. Ndiyo maana leo naweza kusema.

Wakaleta farasi wa Abrago, wa rangi ya maziwa. Alipoongozwa karibu na bunda alinusa, akapiga chafya, akageuza kichwa. "Anaona uchungu," Mzee Siraki alisema, na wanawake wakalia. Farasi yule alikuwa haoni uchungu wowote. Alikuwa anamtafuta bwana wake na hakumwona, na wakamwua kwa ajili ya ngano na samaki waliooza. Nilimwomba radhi kimoyomoyo, na nikawaza kwamba Abrago kule kwenye kilima cha Posidei atakuwa hana farasi. Hilo sikulikumbuka tulipokuwa tunaamua. Tulikuwa tumechoka.

Walilishusha bunda ndani ya chumba cha magogo, kando ya baba yake na babu yake. Walilipangia upinde, mikuki miwili, chungu cha nyama. Watu walipokuwa wanamaliza, Mzee Siraki aliniita niingie nitazame kabla hawajaanza kuziba. Alikuwa mzee sana na mpole, na aliteremka ngazi kwa shida ili anionyeshe yeye mwenyewe. Upande wa kushoto wa zulia jekundu walikuwa wameacha sehemu wazi, wamekwisha kuitandikia nyasi safi.

"Hapa ni pako, mwanangu," alisema. "Tumepaacha papana kidogo, usibanane na mumeo."

Nikapatazama.

"Panatosha, baba," nikamwambia. "Asante."